Hatukuwa Tukingoja Maji

Shangazi yangu nilimkuta ukutani, katika jumba moja la maonyesho mjini, nilikoingia kutazama picha za zamani za mitaa ya Nairobi isiyotajwa sana. Alikuwa msichana bado, kitambaa kichwani, amesimama na wanawake wenzake kando ya mtaro. Chini ya picha waliandika: "Wakazi wa Kibera wakingoja msaada wa maji."

Wakingoja!

Mimi ni mzaliwa wa Kawangware, lakini likizo zangu za utotoni nilizimaliza Lindi, ndani ya Kibera, kwa huyu huyu shangazi. Habari ya mtaro ule nimelishwa pamoja na ugali. Wanawake walichoka kufuata maji mbali. Wakachanga, wakanunua mabomba, wakachimba wenyewe kutoka upande wa mtaa wa Olympic mpaka Lindi, wengine na watoto mgongoni. Picha ilipigwa wakiwa kazini. Shangazi alishika jembe, ila aliyeitundika picha alikuwa ameikata chini, ukabaki mpini tu. Ukimtazama haraka, ungedhani ni mgonjwa anayeegemea fimbo.

Nilienda moja kwa moja hadi Lindi nikamweleza. Kwetu Magharibi mwa Kenya, walikotoka wazee wetu, shangazi huitwa senje.

"Senje, wamekuweka ukutani mjini."

"Nimefanya nini?"

"Wanasema ulikuwa unangoja msaada."

Aliweka kisu chini, akaacha mboga ya sukuma aliyokuwa akikata. "Kesho tunaenda," akasema.

Kesho yake alivaa nguo yake ya kanisa. Alisimama mbele ya picha kwa muda mrefu, akimgusa kwa kidole kila mwanamke na kumtaja jina, nani amefariki, nani alirudi nyumbani Kakamega. Kisha akauliza mwenye maonyesho yuko wapi. Akaja dada mmoja mwenye miwani, mpole, anatabasamu.

"Nani alikwambia tulikuwa tunangoja?" shangazi akamuuliza.

"Pole, mama. Picha tuliipata ikiwa na hayo maelezo."

"Na mimi si mngenitafuta? Niko Lindi. Hata jana nilikuwa Lindi."

"Naelewa, mama. Lakini ujumbe kwa jumla ni ule ule. Tunaonyesha jinsi maisha yalivyokuwa magumu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia kwamba mtu anayechimba na mtu anayenyoosha mkono si mmoja. Sauti yangu ilipaa mpaka wageni wakageuka. Dada yule akaandika jina la shangazi, akaahidi kwamba watarekebisha.

Nilirudi baadaye kuona kama wametimiza. Picha haikuwepo. Mahali pake palikuwa na picha nyingine iliyopigwa kutoka juu: mabati, mabati, mabati yenye kutu, hakuna hata mtu mmoja. Chini yake neno moja tu, "Kibera". Nikauliza. Nikaambiwa ile ya kwanza ilikuwa imeleta utata.

Utata! Mwanamke kutaja jina lake ni utata. Mji huu unakumbuka hata mzungu aliyepanda miti ya kivuli mbele ya nyumba yake, lakini sisi tunaambiwa tuliota tu kando ya njia kama magugu. Na si Kibera peke yake. Kule Kawangware, chekechea niliyosomea ilijengwa na majirani zetu, mafundi wapangaji kutoka Machakos na Kitui, siku zao za kupumzika. Baba alinibeba mabegani kuwaona wakiezeka. Leo bango la langoni linamshukuru mfadhili. Mfadhili yule alileta rangi.

Nilichelewa kumwambia shangazi kwa sababu nilidhani ataumia. Mwishowe nikasema.

"Wamenitoa?"

"Wamekutoa, senje."

Akacheka kwa uchungu. "Afadhali wangeniacha na uongo wao. Ningekuwa naenda kila siku kuwabishia."

Alienda hata hivyo. Aliwakusanya wenzake wa mtaro waliobaki Lindi, wakaingia jumbani wamejifunga leso zao, wakasimama mbele ya yale mabati. Kila mgeni aliyepita walimweleza: walichimba wapi, mwamba uliwakatalia wapi, nani alijifungua wiki ile ile. Askari wa mlangoni akawasogelea, akasema hairuhusiwi.

"Hairuhusiwi nini?" shangazi akamuuliza. "Kusimama?"

Askari akabaki pale pale, akasikiliza na wengine, mpaka jumba likafungwa.

Maonyesho yaliisha na picha haikurudishwa. Niliomba nakala, nikaambiwa nisubiri. Nimeuliza tena na tena, na kila mara naambiwa nisubiri.