Fundi na Mpini wa Ufagio

Kabla ya kufungua boneti, fundi hulizunguka gari mara moja, mikono mgongoni, kama mtu anayechagua ng'ombe. Asubuhi hiyo ya theluji aliuzunguka mkweche wa Tuulikki, ambao ulikuwa ukipiga kelele kama mabati yanayoburutwa. Wanywa kahawa kwenye benchi la gereji walikuwa wameshatoa hukumu. "Injini imekwisha hiyo, jirani," alisema Oiva, mmoja wao. "Nunua baiskeli." Msimu mzima Tuulikki alikuwa akimcheka Oiva, tangu siku jirani huyo alipoondoka nyumbani na gari huku waya wa umeme wa kupasha injini moto usiku wa baridi ukiwa bado umechomekwa ukutani, ukakatika.

Fundi alichukua mpini wa ufagio, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho. Vidole vyake vinene viligonga paja, vikifuata mdundo. "Zima, mama." Injini ilipotulia, akapenyeza mkono hadi kwenye feni, akavuta kitu taratibu. Tuulikki akakiona: kipande cha waya wa njano, kimekatika. Ulikuwa waya wa kupasha injini yake; naye aliondoka bila kuuchomoa ukutani. Uso ukamwaka moto.

"Nini hicho?" Oiva akauliza, shingo ameshairefusha.

"Boliti," alisema fundi, waya ukiwa tayari kwenye mfuko wake wa nyuma. "Ililegea."

Akarudi kwenye kahawa yake. Mkia wa waya wa njano ulikuwa ukichungulia mfukoni. Akaukalia, bega kwa bega na Oiva, akamwomba sukari.