Lira Elfu Kumi na Sanduku la Shemeji

Wenzangu, msinicheke. Nilikuwa nauza vinyago soko la Kariokor, mtalii Mwitaliano akachukua ndovu wa shilingi mia mbili na kunipa noti moja ya lira elfu kumi. Elfu kumi! Nikajua kakosea. Kwa huruma nikamwongezea twiga, kisha nikatoroka kabla hajashtuka.

Asubuhi nikaingia benki na sanduku tupu la shemeji, majirani wawili kutoka mtaa wetu wa Ziwani wakinilinda.

Karani akanisukumia shilingi themanini na kitu.

"Na zingine?"

"Ndizo hizo, mzee. Shilingi moja yetu ni zaidi ya lira mia." Akalitazama sanduku. "Unasafiri leo?"

Kabla sijajibu, jirani mmoja akapaza sauti: "Hapana! Tumekuja kubeba pesa!"