Dungu la Mama halimo kwenye mfumo

Mvua zinapokolea, Mama huifunga nyumba yake ya Ifakara, huvuka mto kwenda upande wa Lupiro, na kukaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya mpunga, mpaka mavuno. Ndivyo wakulima wengi wa bonde letu wanavyoishi.

Mfumo tunaoujenga ofisini hauyajui hayo. Kazi yetu huitwa wavuti wa maana: kompyuta haihifadhi maneno matupu, bali uhusiano wa vitu. Mtu huyu anakaa nyumba hii. Nyumba hii iko kitongoji hiki. Mto ukijaa, mashine yenyewe hufuata nyuzi hizo hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye hupita na kipaza sauti kuwaonya watu wake. Lakini waliouchora mfumo, wakiwa mbali, walimpa kila mtu makazi mamoja. Kwa Mama, mwenyekiti ataionya kufuli.

Kila Jumatatu tunapanga upya kazi za mradi ukutani. Kadi yangu, “makazi ya msimu”, hubanduliwa kwenye safu ya wiki hii na kubandikwa kwenye ya wiki ijayo.

“Tutaifikia tu, dada,” husema kiongozi wetu kwa upole. Nimeacha kubishana naye.

Jumapili nilimfuata Mama kule Lupiro, kwenye uwanja wa mpira. Mechi pekee ndiyo humtoa shambani.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Kaa, unaniziba.”

Kipa akautema mpira. Mama akasimama. “We kipa! Mikono umeiacha kwenye ugali?”

“Bibi, ingia wewe!” mtu akamtania.

“Nikiingia mimi mtaomba poo!”

Nilicheka hadi machozi. Simu ikatetemeka: wafadhili wamejitoa, mradi unafungwa mwisho wa mwezi.

Mama aliuona uso wangu. “Vipi, mashine yako imeshajua ninakolala?”

“Bado, Mama. Nadhani haitajua tena.”

“Haya.” Akageukia uwanja. Dakika chache baadaye timu yetu ilifunga, nami nikajikuta nimerukaruka, nimemkumbatia, napiga kelele kana kwamba kuna jambo limepona.

Filimbi ya mwisho ilipolia, upande wa milima ya Udzungwa ulikuwa mweusi kwa mawingu.

“Twende Ifakara, Mama. Ulale kwangu mpaka maji yapungue.”

“Na nguruwe waumalize mpunga wangu?” Alijitanda kanga kichwani, akapanda pikipiki upande upande, akaondoka bila kugeuka.

Jumatatu tulipanga namna ya kuufunga mradi. Kadi yangu ilikuwa ya kwanza kubanduliwa. Haikuhitaji mjadala, kwa kuwa haikuwahi kuanza. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilimpigia Mama. Hakupatikana, kama ilivyo kawaida ya kule shambani, na nikaendelea kupiga.