Perege Waliovuka Julai

Mume wangu tulimzika mwishoni mwa masika. Bwawa alilolichimba chini ya shamba letu hapa Tumati lilibaki na vifaranga wa perege aliowatoa mto wa bondeni. Alichelewa kuwaleta kwa sababu alikuwa anaumwa. Wengi hawakuzidi njiti ya kiberiti.

Huku juu Julai ina baridi kali. Maji yakipoa, perege huacha kula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Mkubwa anayo ya kumfikisha Septemba. Mdogo yanamwishia njiani, kama ndama aliyeingia kiangazi amekonda. Mume wangu alinieleza hayo akiwa kitandani, kwa hiyo nilijua kazi iliyobaki: kuwanenepesha upesi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alitaka kulikausha bwawa apande vitunguu swaumu. Tulibishana, mwisho tukapatana. Samaki wakivuka baridi, bwawa linabaki. Wakifa, analichukua.

"Shemeji, wewe mwenyewe unalala na mablanketi mawili," alisema akicheka. "Hao utawafumia sweta?"

Shida yangu ilikuwa nyingine. Kwa desturi ya wazee wetu, mjane hakanyagi penye maji mpaka matanga yaondolewe, miezi mitatu baada ya mazishi. Siku hizi wengi wameiacha, na kanisani hakuna anayeidai. Mama mkwe aliishika. Ningeweza kushuka bwawani akiwa amelala, lakini alikuwa amemzika mwanawe. Sikutaka kumwongezea jambo. Wala sikukubali samaki wafe.

"Mama, basi nenda wewe," nikamwambia.

"Mimi? Nikalishe nyoka?"

Hajawahi kula samaki maisha yake yote. Kwake ni nyoka wa majini tu.

"Ni wa mwanao, Mama."

Akasonya, akachukua ndoo ya pumba. Nilikuwa nimeichanganya na dagaa waliotwangwa, akaibeba huku amegeuza uso.

Nilikaa juu, penye mpaka wa mahindi, nikimwelekeza kwa sauti.

"Usimwage yote! Kidogo kidogo!"

"Wananitazama!"

"Wana njaa, Mama."

"Hata wageni wa harusi hawanitazami hivi!"

Alienda tena jioni. Akaenda kesho yake, na kesho kutwa. Siku moja nilimwona anarudi kutoka kwenye kichuguu na mchwa ndani ya kopo. Sikuwa nimemtuma. Aliwamwaga bwawani akasimama kuangalia mpaka walipokwisha.

Kisha ukungu ukashuka ukakaa. Pumba zikaanza kuelea bila kuguswa, nikamwambia aache kulisha, maana chakula kisicholiwa kinaoza na kuharibu maji. Ikabaki kungoja. Waliokufa walielea pembeni. Mama aliwaokota kwa mfuniko wa sufuria akaniletea. Wote walikuwa wale wadogo. Nilimpasua mmoja kwa wembe, sikuona hata chembe ya mafuta meupe kwenye utumbo. Nililia. Sitasema nilimlilia samaki.

Matanga yalipoondolewa, baridi ilikuwa imeanza kulegea. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa nilishuka bwawani, Mama nyuma yangu. Shemeji alitukuta huko na jembe begani. Maji yalikuwa ya kijani na yametulia.

"Pole, Shemeji," alisema, safari hii bila mzaha. "Ni tope tu hapo."

"Ngoja jua lipande."

Akangoja. Nadhani alinihurumia. Jua lilipoyapasha maji, Mama alirusha pumba kiganja kimoja. Hakuna kitu. Akarusha tena. Mdomo mmoja ukatokea, ukavuta, ukazama. Halafu mwingine, na mingine nyuma yake. Walikuwa wanalingana na kidole changu cha kati, baadhi wamezidi. Hakukuwa na mdogo hata mmoja.

"Wachache hao," Shemeji akasema.

"Wachache sana. Lakini tulisema wakivuka. Hatukusema wangapi."

Alimtazama mama yake. Mama hakumsaidia, alikuwa ameinama, anasogeza pumba kwa fimbo ziwafikie walio mbali. Shemeji akacheka puani.

"Haya. Swaumu nitapanda kule juu."

"Niachie jembe," nikamwambia.

Upande mmoja wa bwawa ulikuwa na kina kifupi, na huko ndiko walikofia wengi. Nilitaka uchimbwe kabla ya vuli, ili mvua za kwanza zikianza tu nilete vifaranga wapya, wapate miezi mingi ya kukua. Nilivua viatu, nikapandisha kitenge, nikaingia. Maji yalikuwa bado baridi. Nikaanza kuchimba.