Feni Zilizowapisha Wazee

Mjukuu wangu wa kike, hapa kwetu Butimba, alitaka kunirekodi kwenye kompyuta yake nikitaja wazee wa ukoo wetu. Siku hizi anayejua majina yote ni mimi tu. Tuliposikiliza tulichorekodi mwanzo, feni za kompyuta zilivuma kuliko sauti yangu. Akazizima zote, nikaanza tena. Nilipomfikia babu wa babu yangu, kompyuta ikazidiwa na joto, ikazimika.

“Bibi, endelea tu pale ulipoishia.”

“Hee! Wazee hawatajwi kuanzia katikati. Tunaanza na wa kwanza.”

Akacheka, akarudi kwenye kompyuta, akazipanga feni ziende polepole, zikaze mwendo pale tu joto linapopanda.

“Kwa hiyo zitasubiri mtu mzima amalize kusema?” nikamuuliza. “Basi zimewashinda wajomba zako.”

Nikaanza upya. Feni zikawa zinanong'ona tu. Niliwataja wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikafika kwake yeye mwenyewe. Tuliposikiliza tena, kila jina lilisikika. Akapiga vigelegele. Mimi nikamwambia aicheze tena rekodi hiyo, na safari hii afungue mlango, majirani nao wasikie.