Kikapu cha Kaka Kilichokutwa Kando ya Ndiva

Admin, nifichie jina na kijiji, sema tu ni huku juu milimani Upare, wilaya ya Same. Nina miaka themanini na moja na mke wangu ameshatangulia. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, maana hili siwezi kumpa mjukuu aniandikie.

Enzi za Ujamaa nilikuwa bwana afya wa kijiji. Nilikuwa mnoko, nakiri. Nilikagua vyoo na mashimo ya taka mpaka watu wakiniona wanabadili njia. Sheria niliyoishupalia zaidi ni ya maganda ya kahawa: kila nyumba ifukie ya kwake, mtu asimwage kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia ambalo wengine walichota hata maji ya kunywa. Aliyekiuka alinyimwa zamu ya maji msimu mzima.

Asubuhi moja nikakuta ndiva inanuka, maganda yanaelea, na kando yake kikapu. Nilikijua. Ni cha kaka yangu, mshikio wake ulifungwa kwa kamba ya mkonge. Sikwenda hata kumuuliza. Nilikibeba moja kwa moja kwa mwenyekiti, tena kwa majivuno, watu waone kuwa sipendelei ndugu.

Barazani kaka alisema, "Kikapu ni changu. Maganda si yangu."

"Ya nani basi?" nikamuuliza mbele ya watu.

Akamtazama mke wangu, kisha mimi. "Bwana afya, fanya kazi yako." Siku zote aliniita mdogo wangu.

Wakamfungia maji. Mahindi yake yakakauka, yangu yaliyopakana nayo yakastawi. Akahamisha familia kwenda Bendera, tambarare, na hakupanda mlima tena.

Siku aliyoondoka mke wangu alilia sana. "Ni mimi," akasema. "Shimo letu lilijaa, kila siku nakwambia uchimbe jingine, wewe uko kukagua ya wenzako. Nikaazima kikapu kwa shemeji. Alinipa kwa mkono wake."

Kwa hiyo kaka alijua, akanisitiri. Nami nikanyamaza. Nilijidanganya kuwa nikisema, hakuna atakayeiheshimu sheria tena. Ukweli ni kwamba niliogopa aibu.

Watu hawakunisamehe kumfukuzisha ndugu yangu. Kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kusafisha ndiva, nikishika jembe upande huu wote wanahamia ule. Nimezoa tope peke yangu miaka mingi nikisikia wenzangu wanacheka ng'ambo. Upweke huo umenikalia kifuani mpaka leo.

Wiki iliyopita mtoto wa kaka alikuja. "Shikamoo baba mdogo. Baba anaumwa, hainuki kitandani. Anauliza kikapu chake utamrudishia lini. Sisi hatumwelewi, labda ni homa."

Mimi nimemwelewa. Kikapu ninacho, kimekuwa kikining'inia jikoni tangu siku ile ya baraza.

Nishuke Bendera niseme yote mbele ya wanawe, na wanangu wasikie habari za mama yao aliyeko kaburini? Au nimpelekee kikapu nikae kimya, kaka azikwe na kosa la nyumba yangu? Ndugu zangu, nipeni ushauri, na msichelewe. Kikapu nimeshakiteremsha na kukifuta masizi, kiko hapa miguuni pangu.