Kiti cha Mbele cha Verlon Tackett

Shemeji yangu Verlon Tackett hakuwa mtu wa maneno matamu, hata siku aliyomwoa dada yangu Ardith. Mchungaji alipomuuliza kama anamkubali, akajibu, "Sasa viatu hivi nimevaa vya nini?" Watu wakacheka. Mama akanuna wiki nzima. Lakini macho alikuwa nayo, hilo hata mama hakulikataa.

Tunakaa kwenye ziwa la Hatcher, huku Tennessee, kwenye hori ya Pickard, pale mkono wa ziwa unapoingia nchi kavu. Duka la gatini ni langu: chambo, petroli, kahawa, na asubuhi biskuti za moto, vile vimkate laini vya kwetu, na mchuzi mweupe wa soseji. Anayetaka kusifiwa aende kanisani. Wengi wanaokuja wanamfuata besi, yule samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na domo la kumeza ngumi. Wakati wa baridi yuko chini kabisa, kama mzee mwenye maumivu ya viungo. Kiangazi anajificha kwenye magugu. Ila Aprili, maji yakishika uvuguvugu na miti ya msituni ikitoa maua meupe, anapanda hadi pembeni, kwenye maji ya kufika magotini. Dume anafagia mchanga kwa mkia mpaka panakuwa peupe kama sahani, jike anataga, anaondoka zake. Dume anabaki kulinda, na wakati huo haumi kwa sababu ya njaa, anauma chochote kinachosogelea mayai. Ukimnasa unamrudisha papo hapo, maana ukichelewa vijisamaki vinamaliza mayai yote.

Kwa hiyo uvuvi wa Aprili ni wa macho kabla ya kuwa wa mikono. Usipomwona, unarusha ndoano kwenye matope halafu unajiita mvuvi.

Verlon alimwona. Aliacha kazi ya kiwanda cha mbao akiwa bado kijana, akaanza kuongoza wageni. Alisimama mbele ya boti, mguu kwenye kikanyagio cha ile mota ndogo ya umeme, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. "Chini ya gogo la pili, kushoto. Dume. Usipumue." Mgeni alikodoa macho, akaona maji matupu. Akarusha alipoambiwa, fimbo ya kuvulia ikapinda. Watu wa Nashville na wa Ohio walikuwa wakiomba siku zao za Aprili kabla Krismasi haijaisha.

Kwenye boti zetu kiti cha mbele kina mwenyewe. Wa mbele ndiye anayeongoza, anaona kwanza na kurusha kwanza. Wa nyuma anarushia maji yaliyokwisha kuguswa. Twyla, mtoto wao pekee, alikaa nyuma tangu hajaota meno ya pili. Akakua, akapata kibali chake mwenyewe cha kuongoza wageni, lakini akiwa na baba yake alirudi nyuma.

"Nikifa utakaa mbele," Verlon alimwambia.

"Basi fanya haraka, mgongo unaniuma."

Ndivyo walivyopendana hao wawili. Ardith alipokufa kwa saratani ya damu sikumwona hata mmoja wao akilia mbele ya mwenzake. Walikwenda ziwani.

Mambo ya macho niliyagundua mwenyewe. Verlon alianza kuzungumza na sikio langu. Ananunua kahawa, anaitazama hereni.

"Shemeji," nikamwambia, "sikioni kwangu kuna nini?"

"Ubongo unavuja. Weka pamba."

Nikacheka, lakini baadaye nikambana Twyla jikoni mpaka akasema. Daktari wa mjini alikuwa amemwambia Verlon kwamba katikati ya macho panakufa, kingo ndizo zinabaki. Ataona miti, ataona gati, ataona ufuko. Lakini chochote atakachokikazia macho kitafutika. Kulikuwa na sindano za kupunguza mwendo wa ugonjwa. Za kurudisha kilichokwenda, hakuna.

"Ameniomba Aprili moja," Twyla akasema. "Anataka akae mbele msimu huu tu, halafu nichukue. Mama mdogo, ningemkatalia vipi?"

"Kwa mdomo," nikamwambia. Lakini hata mimi nisingeweza.

Aprili ikafika. Verlon akampa Twyla wageni wote, yeye akatoka peke yake, akisema anapima maji. Asubuhi moja alisimamisha boti kwenye kona iliyo mkabala na duka langu. Gati yetu iko juu, kwa hiyo tuliona kila kitu, mimi na wanaume waliokuwa wakinywa kahawa. Alikuwa amekuta doa jeupe chini ya maji. Akarushia mjusi wa plastiki. Chambo kikatua taratibu katikati ya doa, kazi safi, hakuna kijana hapa angeweza. Akangoja. Akabadilisha, akaweka mnyoo. Akangoja. Akaweka kamba wa plastiki.

Doa lile lilikuwa kifuniko cha ndoo. Ndoo yangu mwenyewe ya chambo. Upepo wa baridi ulikichukua kifuniko kikazama pale, na kila aliyekaa gatini alikijua.

Kwa kawaida mtu akifanya ujinga mdogo kuliko huo hapa gatini, anatukanwa mpaka Oktoba. Na wa kwanza kutukana ni Dub Hargis, anayeongoza wageni kama Verlon, na aliyegombana naye tangu walipokuwa wakinyoa ndevu za kwanza. Salamu zao zilikuwa, "Boti yako haijazama tu?" na, "Inangoja mkeo apande." Dub akashuka ngazi kuelekea boti yake.

"Dub," nikasema, "fumba domo lako."

Akawasha injini. Akapita polepole mno, asitikise maji, na alipomfikia Verlon akazima kabisa injini.

"Mpe muda, Verlon," akasema kwa upole. "Atakula tu."

Nikamwona Verlon akiacha kuzungusha mshipi. Akasimama hivyo, uso ameelekeza kule boti ya Dub ilikokwenda, mpaka mawimbi yalipotulia. Kisha akaja gatini, akagongesha boti kidogo, akapanda, akaweka kofia yake kwenye kaunta.

"Dub kaniambia neno zuri," akasema.

Akanigeukia, uso kwenye hereni yangu.

"Shemeji, nilikuwa narushia nini pale?"

"Kifuniko cha ndoo," nikasema.

"Cha rangi gani?"

"Cheupe."

"Angalau rangi sikukosea." Akachukua kofia yake, ikamponyoka mara moja, akaipata.

Kesho yake Twyla aliwaahirishia wageni, akaenda naye. Haya yanayofuata amenisimulia yeye, akiwa amekaa kwenye gunia la unga jikoni kwangu. Verlon alikaa mbele kama walivyopatana. "Wewe uwe macho yangu," alimwambia, "mimi mkono." Lakini usiku wa kuamkia siku ile baridi ilikuwa imerudi, na samaki wakashuka tena kwenye kina. Kiota baada ya kiota, mchanga mweupe tu. Baba yake akiuliza, "Hapa je?" anamjibu, "Hapa hamna." Hapa je? Hamna. Akamwona mabega yanashuka. Twyla alidhani baba yake anaona bahati imeondoka pamoja na macho yake, wala si baridi.

Kwa hiyo kwenye kiota kilichofuata, kitupu kama vingine, Twyla akasema, "Yupo."

Verlon akanyooka kama kijana. Akarusha kwa maneno ya Twyla, mkono wa kulia kidogo, karibu na mzizi, ndoano ikatua pale pale.

"Anafanya nini?"

"Amekigeukia chambo."

"Amepanua mapezi?"

"Ndiyo, baba."

"Yuko juu ya chambo?"

"Yuko juu yake kabisa. Ngoja tu."

Verlon alikuwa ameshika mshipi kwa vidole viwili. Akangoja. Kisha akasema bila kugeuka, "Twyla, mbona hunong'oni?"

Maana Twyla, tangu utotoni, akiona samaki kiotani sauti yake hushuka yenyewe kama ya mtu aliyeingia kanisani wakati wa sala. Siku ile alikuwa akisema kwa sauti kama anayeuza nyanya.



"Hamna samaki hapo," Verlon akasema.

"Hamna, baba."

"Na pale pengine?"

"Pale pengine nilikwambia kweli. Wameshuka kwa sababu ya baridi. Naapa."

Verlon akavuta mshipi mpaka ndoano ikagonga ncha ya fimbo. Akainuka, akapapasa ukingo wa boti kwa mkono hadi nyuma. "Pita mbele."

"Aprili haijaisha."

"Pita, kabla sijatumbukia nikakupa kazi ya kunitafuta."

Akapita. Anasema alikanyaga kile kikanyagio huku haoni ziwa wala miti, machozi yamemjaa, na boti ikapanda kwenye magugu. Kwa kawaida baba yake angemtukana. Siku ile alishika tu ukingo wa boti.

Joto liliporudi wiki ile walijaribu tena, Verlon akiwa nyuma. Alinasa dume mmoja mzuri. Akamtoa ndoano kwa vidole, akamshusha majini.

"Amerudi kwenye kiota chake?"

Twyla akachungulia. "Amerudi."

Samaki kweli alikuwa amerudi, anasema, alikuwa pale pale akizunguka mayai yake. Lakini Verlon aliinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa chenji gizani. Ndipo Twyla alipojua alichokivunja. Angeweza kumpa baba yake macho yake, na siku ile ya baridi aliyatumia kumdanganya kwa huruma. Ningekuwa mimi labda ningefanya hivyo hivyo, na ningekuwa mjinga hivyo hivyo.

Wakati wa baridi Verlon bado alitoka na Twyla. Besi akiwa chini kabisa hakuna anayemwona, mwenye macho na asiye nayo wote wanahisi kwa mshipi tu, na Verlon hakuhitaji kumuuliza mtu kitu. Alivua vizuri. Alirudi na masikio mekundu akaniambia kahawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo.

Aprili iliyofuata nilimpelekea Verlon maharage na mkate wa mahindi. Alikuwa amekaa jikoni kwake. Twyla akaja, akasimama mlangoni na viatu vya tope, wageni wawili wanamngoja gatini.

"Baba, maji yamepata joto. Madume wamepanda. Nitawarudisha hawa saa sita, jioni twende mimi na wewe."

"Wako wengi?"

"Hori nzima. Hata mbele ya duka la mama mdogo wamejaa."

Verlon alikata kipande cha mkate. "Nitajuaje?" akasema. Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuambiwa.

 Twyla akaniangalia mimi. Akashuka ngazi, akaenda kwa wageni wake.

Injini yake ilipowaka, Verlon akaniomba nifunge dirisha la upande wa ziwa. Nikalifunga. Akala maharage yote, akasema chumvi haitoshi.

Ilikuwa inatosha.